Unga wa Mifupa Ndani ya Uji wa Selestina

Ndugu zetu wa Mikumi, wa Kilosa na wa vijiji vyote vya katikati, tulieni na mkae vizuri. Habari hii ni nzito, nayo inaanza na kuku.

Asubuhi moja ya mwaka 1994, masika yakiwa yamekwisha kupita, Mikumi iliamka kwa amani. Ukungu ulikuwa ukipanda milimani upande wa Vidunda, moshi wa mandazi ukitambaa juu ya lami, na nyuma ya nyumba ya Kasiani kuku mia mbili wa mayai wakipiga soga. Miaka hiyo mambo yalikuwa ruksa. Kila aliyepunguzwa kazini alikuwa na mradi, na asiyekuwa na mradi alikuwa na mpango wa mradi. Kasiani alikuwa fundi wa reli mpaka alipopunguzwa. Akaleta vifaranga kwa maboksi kutoka Morogoro, akawalea kama watoto wa waziri.

Walipoanza kutaga, balaa. Mayai yalitoka laini, hayana ganda, ukiyashika yanabonyea kama shavu la mtoto. Bwana mifugo akaja, akainama bandani, akasema kuku wamepungukiwa kalsiamu, yale madini yanayojenga mifupa na maganda. Akaagiza wachanganyiwe chokaa na unga wa mifupa kwenye chakula. Baada ya wiki chache mayai yakawa magumu kiasi cha kugongea mlango.

Tangu siku hiyo Kasiani hakuwa tena mtu wa kawaida. Majirani walimwita Daktari kwa utani. Yeye aliitika kwa dhati.

Mkewe, Selestina, mwanamke wa miaka arobaini na sita, hakuwa na muda wa kuku. Yeye alikuwa na sauti. Aliuza vitunguu vya bonde la Lumuma stendi, pale mabasi ya Mbeya na Iringa yanaposimama abiria wanyooshe miguu, na hakuna mwanamke wala mpiga debe aliyemfikia. "Lumumaaa! Kitunguu cha Lumuma kinachojipika chenyewe!" Aliyelala kiti cha nyuma kabisa aliamka akitafuta sufuria. Madereva wengine walizima redio ili wamsikie. Sauti ile ndiyo iliyowasomesha watoto, nayo ndiyo aliyoringia duniani.

Asubuhi ile ya amani basi likaingia. Selestina akainua kikapu kukifikisha dirishani, kama alivyokiinua mara elfu. Pakasikika mlio mdogo, kah, kama kijiti kikavu. Kikapu kikaanguka, vitunguu vikabingirika chini ya basi. Mkono wake ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo. Hakuna aliyempiga. Hakuteleza. Mkono ulivunjwa na vitunguu, ndugu zangu, tena si vingi.

Msicheke bado. Jambo lenyewe lilikuwa limeanza miaka miwili nyuma. Kwanza mifupa ilimuuma, mapaja na mgongo, kama nguo inayokamuliwa. Kisha kiu isiyokwisha, na safari za chooni zisizokwisha, huku choo kikubwa kikigoma siku nne, siku tano. Mara mbili alishikwa na maumivu ya ubavuni yaliyomfanya atambae sakafuni. Akawa mchovu kabla ya kuanza kazi, mwenye huzuni isiyo na sababu, na msahaulifu.

Nyumbani kwake alikuwepo wifi yake, Magreth, dada wa Kasiani, mwanamke mwenye macho makali na kazi chache. Magreth alikuwa ameshatoa hukumu.

"Wifi yangu ana ajira mbili," aliwaambia majirani. "Kunywa maji, na kwenda kuyamwaga."

"Labda anaumwa kweli," jirani mmoja akathubutu.

"Anaumwa uvivu. Mimi nikiumwa naonekana. Yeye anaumwa na bado ananenepa mdomo."

Selestina alisikia kila neno, maana kuta za matofali mabichi hazifichi kitu. Mkono ulipofungwa plasta nzito nyeupe, alidhani sasa wataamini. Badala yake aliketishwa barazani, na Kasiani akasimama mbele yake amevaa koti lake la zamani la reli, mikono nyuma.

"Mama Lightness," alisema, "yai lisilo na ganda na mkono usio na mfupa ni ugonjwa mmoja."

"Nani kakwambia?"

"Kuku."

"Baba Lightness, mimi naumwa mifupa, wewe unaniletea habari za kuku?"

"Nimetibu mia mbili. Wewe ni mmoja tu."

Basi matibabu yakaanza. Maziwa kibuyu kizima kila siku kutoka kwa wafugaji wa porini. Vidonge vya kalsiamu kutoka duka jipya la dawa, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa likiuza spea za baiskeli. Muuzaji hakuuliza swali, alishusha kopo kubwa kuliko yote. Na asubuhi uji mzito, mweupe kupita kawaida, uliokuwa ukisaga meno kama mchanga.

"Uji huu una nini?" Selestina aliuliza.

"Una afya," Magreth alijibu. "Kunywa."

Akanywa. Afya ile ikamwangusha. Alitapika. Kiu ikazidi mpaka akawa analala na ndoo ya maji kando ya kitanda. Akamwita Kasiani kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Kila alivyozidi kudhoofika, ndivyo Kasiani alivyozidisha kijiko, kwa kuwa hata kuku, alisema, hawakupona siku ya kwanza.

Siku moja Selestina alijikokota hadi stendi. Alikuwa amechoka kuwa mgonjwa wa barazani. Basi la Mbeya likaingia. Akasimama, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Sauti ilikuwepo kifuani, aliisikia imejaa. Neno ndilo lililokuwa limemtoroka. Alitazama kile kikapu, vile vitu vyekundu vya mviringo, naye hakujua vinaitwaje.

"Shoga!" Mwanakheri, muuza ndizi wa jirani yake, alimshika bega. "Ita basi, linaondoka!"

"Mwanakheri," Selestina alisema polepole, "mimi nauza nini?"

Mwanakheri alidhani ni utani wake wa kila siku, akacheka. Kisha akamwona machozi, akaacha kucheka. Basi likaondoka.

Hapo, ndugu zangu, ndipo Selestina alipoogopa kwa mara ya kwanza. Maumivu alikuwa ameshayazoea. Kuitwa mvivu alikuwa ameshakuzoea. Lakini stendi ilikuwa yake, na sasa kitu fulani kilikuwa kinamnyang'anya stendi akiwa bado amesimama juu yake.

Kesho yake aliamka mapema kuliko ilivyotarajiwa, akaingia jikoni. Alimkuta Magreth ameinama juu ya gunia, anachota unga mweupe kwa upawa na kuumimina kwenye sufuria ya uji. Gunia lilikuwa na picha ya jogoo. Jogoo mkubwa, mwenye furaha.

Selestina alimtazama yule jogoo kwa muda. Kisha akatoka uani, akasimama mlangoni mwa banda Kasiani alikokuwa akiokota mayai.

"Baba Lightness. Mimi ni kuku wako?"

Kasiani aliinuka, yai mkononi. "Sikiliza, mama Lightness. Kuku wamepona..."

"Basi waoe wao."

"Ni kalsiamu ile ile! Mfupa ni mfupa!"

"Mimi si kuku!" Hiyo sasa ilikuwa sauti yenyewe, kuku mia mbili walinyamaza kwa pamoja. "Mwenye mdomo wa kusema panapomuuma ni mimi, na hamjaniuliza hata siku moja. Mnanichotea tu!"

Magreth alikuwa ametoka na upawa wake. "Haya, nenda hospitali basi. Watakupima uvivu. Utarudi na aibu."

"Nitarudi na jina la ugonjwa," Selestina akasema.

Akafunga konzi moja ya ule unga kwenye pindo la khanga, akamchukua Mwanakheri, wakapanda treni ya Kidatu kwenda Kilosa. Njia nzima alikunywa maji na kurudia chini kwa chini: kitunguu, kitunguu, kitunguu. Safari hii lisimtoroke.

Hospitalini Kilosa walipokelewa na Daktari Nassir, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na chakula changu." Selestina akafungua pindo la khanga juu ya meza.

Daktari aliunusa unga, akausugua kwa kidole, akauliza ni nini. Alipoambiwa, alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu bila sababu. Kisha akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Unaamka mara ngapi kukojoa? Choo unapata? Ubavu ulikuuma upande gani? Unasahau? Kila jibu aliliandika. Selestina alimtazama akiandika, akaona aibu kwamba machozi yanamlengalenga.

"Kuanzia leo unga huu basi," Daktari Nassir alisema. "Vidonge vile navyo basi. Utalazwa, tukuwekee maji ya mishipa."

Akampiga picha za mifupa. Kingo za mifupa ya vidole zilionekana zimetafunwa, kama gunzi lililopitiwa na panya, na kwenye figo ya kulia palikuwa na jiwe. Damu ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yalirudi baada ya majuma mawili: kalsiamu juu mno. Kwa siku zile chache za maji kichwa chake kilikuwa kimeanza kutulia, lakini daktari hakuridhika. Akaipeleka damu tena, wakati unga wa jogoo ulikuwa umekwisha kutoka mwilini. Kalsiamu bado ilikuwa juu. Akatafuta magonjwa mengine yanayoweza kuipandisha namna ile, asiyakute. Hapo ikajulikana kwamba uji ulikuwa umeongeza balaa, lakini haukuwa umeianzisha.

Kasiani aliwasili siku ile ile majibu ya pili yaliporudi, kumchukua mkewe, koti la reli limepigwa pasi. Alikuja amejiandaa kubishana, daktari kwa daktari.

"Mzee, karibu kiti," Daktari Nassir alisema. "Nyuma ya ile tezi kubwa ya shingo kuna tezi nne ndogo. Kila moja ni kama punje ya mchele. Zinaitwa parathairoidi. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, zinapiga kelele. Mifupa inasikia, inatoa kidogo ya kwake. Figo zinasikia, zinaacha kuimwaga. Ikitosha, tezi zinanyamaza. Nadhani kwa mama moja imevimba, haitaki kunyamaza. Jina lake ni ugonjwa wa parathairoidi kuzidisha kazi. Ni kama mpiga debe anayeita abiria wakati basi limeshajaa na limeshaondoka. Inaita mchana kutwa, na mifupa inatii."

"Lakini mifupa imekwisha," Kasiani alisema. "Si anahitaji kalsiamu?"

"Kalsiamu yake imetoka kwenye mifupa, imejaa kwenye damu. Ndiyo inayotengeneza jiwe la figo, kiu, kutapika na kusahau. Wewe ukawa unamiminia ndani ya ndoo iliyokwisha kufurika."

Kasiani akauliza swali lililokuwa limemkaa rohoni, akaliuliza kwa unyonge: "Mbona kuku walipona?"

Daktari Nassir hakucheka, na kwa hilo Mungu ambariki.

"Kuku wako walipungukiwa kweli, mzee. Tezi zao zilipiga kelele kwa haki. Ulipowapa walichokosa, zikanyamaza. Hiyo tunaiita aina ya pili. Binadamu naye huipata akikosa vitamini D, au figo zake zikichoka. Hapo tunatibu chanzo: tunampa kilichokosekana, kwa vipimo, na mwenye figo mbovu anaangaliwa chakula na dawa zake. Mkeo ana aina ya kwanza. Tezi yenyewe ndiyo mkorofi."

"Kuna na ya tatu?" Kasiani hakuwa mtu wa kuondoka na somo nusu.

"Ipo. Mtu akikaa na aina ya pili miaka mingi, hasa mgonjwa wa figo, tezi zinazoea kelele. Hata ukirekebisha chanzo haziambiliki tena. Wengi wa hao huishia kwa mpasuaji."

"Na mimi?" Selestina aliuliza. Walikuwa wamemsahau, kama kawaida.

Daktari akamgeukia. "Wapo wenye aina yako ambao ugonjwa wao ni mdogo. Hao wanakunywa maji ya kutosha, tunawapima damu, figo na mifupa, hatuwakati. Wewe una jiwe, mfupa umevunjika, na kalsiamu ya damu yako iko juu sana. Wa kwako ni wa kwenda Dar es Salaam, tezi itolewe."

"Inatolewa wapi?"

"Shingoni."

Kasiani aliruka juu. "Shingo! Daktari, shingo hukatwa kuku!"

"Na mimi nilishakwambia si kuku," Selestina alisema. "Kaa chini. Mwanangu, na sauti yangu?"

Daktari Nassir alisita. "Mshipa wa fahamu wa sauti unapita pale pale. Ni mara chache kuumia. Lakini sitakudanganya, mama. Inatokea."

Selestina alitazama dirishani. Nje mtu alikuwa akipita na baiskeli, anaita samaki kwa sauti nyembamba isiyo na ufundi wowote. Alimsikiliza mpaka alipopotea. Watu wa Mikumi wangesema nini? Amekwenda na sauti, amerudi na kovu. Magreth angepata chakula cha mwaka mzima.

"Mwezi uliopita nilisimama stendi na sauti yangu yote," akasema, "na sikujua nauza nini. Sauti bila kichwa ni honi ya basi. Nikatwe."

"Tukafikirie kwanza nyumbani," Kasiani akaomba. "Tuwashirikishe wazee, na dada..."

"Kichwa kikiniruka tena nitafikiri na nini? Shingo hii dada yako hajawahi kuibeba hata siku moja."

Kasiani akavua kofia. Alikuwa mtu mbishi, lakini hakuwa mtu mbaya. Ubishi wake ulikuwa ni upendo uliokosa adabu. "Daktari," akasema, "andika barua. Nitampeleka mimi."

"Utanisindikiza," Selestina akamsahihisha. "Kupelekwa hupelekwa kuku sokoni."

Dar es Salaam mpasuaji alizikagua tezi zote nne. Tatu zilikuwa ndogo na tulivu, akaziacha zilivyo. Ya nne ilikuwa imevimba kama haragwe, akaitoa. Haikuwa saratani.

Kesho yake midomo ya Selestina ikaanza kumwasha kama imeguswa na pilipili, vidole vikakakamaa. Wauguzi walikuwa wanalitarajia. Mifupa iliyonyonywa miaka miwili ilikuwa sasa inaivuta kalsiamu yote kwa pupa, na damu imepungukiwa. Wakamtia kalsiamu kwenye mshipa, kisha wakaleta vidonge na bilauri kubwa ya maziwa.

Kasiani alipoiona bilauri alisimama katikati ya wodi. "Si nilisema! Maziwa! Kalsiamu! Si nilisema?"

"Baba, keti," muuguzi alimwambia. "Wiki iliyopita ilikuwa sumu, leo ni dawa. Tofauti anaijua aliyepima."

Selestina alitaka kucheka. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu, kama upepo chini ya mlango.

Alirudi Mikumi na kovu jembamba na mnong'ono. Magreth alimpokea getini. "Karibu wifi. Jina la ugonjwa umekuja nalo? Hebu liseme tulisikie."

Selestina hakuweza kumjibu. Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi na brashi, akampa mumewe, akamnong'oneza sikioni. Kasiani akaandika juu ya mlango wa banda, kwa herufi kubwa zinazosomeka barabarani: CHAKULA CHA KUKU, KUKU TU.

Kesho yake Selestina alikwenda stendi. Mwanakheri aliita kwa ajili ya wote wawili, yeye akagonga mfuniko wa sufuria kwa kijiko. Watu wakasema maskini. Akagonga kwa nguvu zaidi. Juma la kwanza, la pili, la tatu. Mifupa iliacha kuuma. Usiku alilala mpaka asubuhi bila ndoo. Majina ya vitu vyote yalirudi, hata majina ya watu aliopenda kuyasahau. Sauti tu ndiyo haikurudi.

Juma la saba, basi la Mbeya likaingia. Dereva alichungulia nje. "Jamani, yule mama wa Lumuma yuko wapi siku hizi? Tunapita kama tunapita makaburini!"

Mwanakheri akafungua mdomo ajibu. Selestina akamshika mkono.

Akaweka mfuniko chini. Akasimama, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Ilianza kama bawaba yenye kutu. Ikakatika. Akavuta tena.

"Lumumaaa!"

Abiria wa kiti cha nyuma akaamka.

"Lumumaaa! Kitunguu cha Lumuma kinachojipika chenyeweee!"

Ng'ambo ya barabara Magreth alikuwa akipita na trei ya mayai kichwani. Alishtuka, trei ikaruka. Ndugu zangu, mayai yale yalikuwa na ganda gumu kuliko yote mkoani. Hayakustahimili.

"Wifi!" Selestina akaita, na stendi nzima ikageuka. "Jina la ugonjwa nimekuja nalo! Njoo nikwambie!"

FUNZO

Ndugu zetu, msiondoke na kicheko peke yake. Mgonjwa anayeitwa mvivu huugua mara mbili, na mara ya pili anaugua kwa mikono yetu. Mwenye maumivu ya mifupa, kiu na kukojoa kupita kiasi, choo kigumu, mawe ya figo, huzuni na usahaulifu, msimpime kwa macho wala kwa maneno ya uani. Apimwe damu. Huenda ni tezi hizi, huenda ni jambo jingine. Anayejua ni aliyepima. Dawa iliyomponya mwenzio inaweza kukuumiza, hata kama mwenzio huyo ni binadamu. Asiyepimwa asinunuliwe kopo la kalsiamu kwa kubahatisha, na aliyepewa na daktari wake kwa sababu ya figo au mifupa asiliache kwa sababu ya hadithi hii.

Na wewe unayeumwa na kunyweshwa usichokijua, kataa. Uliza kilichomo. Funga konzi moja kwenye pindo la khanga, panda treni, kaiweke mezani kwa anayejua. Wakisema utarudi na aibu, nenda hivyo hivyo. Yale maandishi bado yako juu ya banda la Kasiani, yanasomeka ukiwa ndani ya basi.